Lenzi gani iwekwe baada ya kutolewa mtoto wa jicho? Ulinganisho kwa wagonjwa wa Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Mgonjwa akishaambiwa kwamba mtoto wa jicho wake anahitaji upasuaji, swali linalofuata huulizwa mara nyingi kwenye dirisha la malipo kabla halijaulizwa mbele ya daktari: unataka lenzi ya kawaida au ile nzuri? Bei zimepishana sana, maneno kwenye karatasi ni mageni, na jamaa waliomsindikiza kutoka Siaya au Molo wameshaanza kupiga simu za mchango. Swali lenyewe limekaa vibaya. Hakuna lenzi iliyo nzuri kwa kila jicho. Iko inayofaa jicho hili na kazi hii, na lenzi ya bei ghali ikiingia kwenye jicho lisiloifaa humwacha mtu akiona vibaya kuliko jirani yake aliyewekewa ya bei nafuu.

Msimamo wetu tunausema mapema ili msomaji aupime anaposoma. Pesa ya kwanza iende kwenye vipimo sahihi. Ya pili iende kwenye kurekebisha astigmatizimu, yaani kioo cha mbele cha jicho kutojipinda sawasawa, kama ipo. Ya tatu, ikibaki na jicho likiruhusu, ndiyo inunue lenzi ya kupunguza miwani. Wengi huanza na hiyo ya tatu.

Kinachotolewa na kinachowekwa

Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyoingia ukungu. Hakuna matone wala dawa ya mitishamba inayouondoa ukungu huo. Daktari hutoa lenzi hiyo, akabakiza mfuko wake mwembamba, na ndani ya mfuko huo akaweka lenzi ya plastiki yenye upana wa takriban milimita 6 na mikono miwili ya kuishikilia. Harold Ridley aliweka ya kwanza jijini London tarehe 29 Novemba 1949. Ilikuwa ya plastiki iitwayo PMMA, na PMMA inatumika hadi leo. Lenzi haichakai wala haibadilishwi kila baada ya miaka kadhaa. Ikikaa vizuri, unazeeka nayo.

Lenzi ya kuzaliwa ya kijana hujibonyeza na kujinyoosha, ndiyo maana anaona mlima na pia anasoma gazeti. Lenzi ya plastiki haina uwezo huo. Lenzi nyingi za bei ghali zinazouzwa ni mbinu fulani za kulizunguka tatizo hilo moja, na kila mbinu ina gharama yake ndani ya jicho mbali na ile ya mfukoni.

Ngumu au ya kukunjwa

Tofauti ya kwanza kwenye karatasi ya bei ni ya upasuaji wenyewe. Katika SICS, yaani upasuaji wa mkono wenye mkato mdogo usio na mshono, daktari hupitisha mkato wa milimita 6 hadi 7 kwa mshazari kwenye ukuta mweupe wa jicho. Mkato huo hujifunga bila mshono, na ndio unaopitisha lenzi ngumu ya PMMA. Katika fako (phaco), upasuaji wa mashine, mkato ni wa milimita 2.2 hadi 2.8. Mtoto wa jicho hupondwa ndani kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa, kisha lenzi ya akriliki iliyokunjwa hupenyezwa na kufunguka yenyewe. Watu wengi huiita fako "leza". Fako haitumii leza, kwa hiyo ukitozwa pesa ya leza, uliza ni mashine gani hasa.

Je, SICS ni ya maskini? Hapana. Utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulilinganisha njia hizi mbili mikononi mwa wapasuaji wazoefu. Miezi 6 baadaye, asilimia 98 ya wagonjwa katika kila kundi waliona 6/18 au zaidi (yaani kwa mita 6 walisoma herufi ambayo jicho lenye afya huisoma kwa mita 18) wakiwa na miwani inayowafaa. Tena mtoto wa jicho akishakuwa mweupe kabisa au kahawia iliyokolea, jambo la kawaida kwa waliochelewa, SICS mara nyingi ndiyo salama zaidi. Fako itahitaji nguvu nyingi kuliponda jiwe hilo, na nguvu hiyo huua seli za nyuma ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na seli hizo hazioti tena. Kenya ina maafisa wa kliniki waliosomea upasuaji huu na kuufanya kila wiki. Mtu kama huyo asidharauliwe kwa sababu haitwi profesa.

Mkato mdogo una faida yake ya kweli: konea haibadiliki sana umbo. Mkato mkubwa hulegeza konea upande ulipokatwa na unaweza kuzalisha astigmatizimu mpya. Ndiyo sababu toriki na trifokali, tutakazozieleza hapa chini, huendana na fako. Ukiuziwa trifokali pamoja na SICS, simamisha mazungumzo kwanza uelezwe.

Kuna jambo moja la akriliki ambalo wenye kisukari wanafaa kulijua. Akriliki ni za aina mbili, haidrofobiki (isiyonyonya maji) na haidrofiliki (inayonyonya maji). Haidrofiliki inaweza kuota chembe za chokaa na kuwa nyeupe, hasa kama baadaye jicho litawekewa gesi au hewa katika upasuaji mwingine. Kama retina yako, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imeshaanza kuharibiwa na sukari na huenda ikahitaji upasuaji siku za mbele, omba haidrofobiki.

Monofokali, na uamuzi ambao wengi hawaulizwi

Monofokali ina umbali mmoja tu inaouona kwa ukali. Mwanga wote unaoingia unapelekwa kwenye picha moja, ndiyo maana picha hiyo huwa kali na rangi zake zimekolea, hata mwanga ukiwa haba. Kama hakuna aliyesema vinginevyo, daktari hulenga mbali. Mgonjwa anaona mwenye baiskeli barabarani, anaona mimbari kanisani, lakini ujumbe wa M-Pesa hausomeki bila miwani. Kwa umbali wa sentimita 40 atahitaji miwani ya kusomea ya takriban dayopta +2.50 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na kwa kompyuta iliyo sentimita 65 hivi, +1.50.

Umbali huo unaweza kuchaguliwa, na kuuchagua hakuongezi hata shilingi. Mama anayeshona nguo soko la Kibuye kuanzia asubuhi hadi jioni, au mzee anayesoma Biblia usiku na hatoki sana, anaweza kumwomba daktari alenge −2.50, yaani jicho lione karibu. Atashona, atachambua mchele na atasoma bila miwani, na miwani ataivaa akitoka nje. Mtu aliyekuwa na macho ya kuona karibu tangu utotoni, aliyezoea kuvua miwani asome, huhuzunika sana akiamka na jicho la mbali tupu. Sema kazi yako kabla ya hesabu ya lenzi kufanywa, kwa sababu baada ya upasuaji umbali huo umeshafungwa ndani ya jicho.

Njia ya tatu ni jicho moja kulengwa mbali na jingine kubakizwa kwenye −1.25 au −1.50. Wanaoizoea huishi karibu bila miwani, kwa bei ile ile ya monofokali mbili. Jicho linalotawala ndilo hupewa kazi ya mbali. Kulijua ni rahisi. Nyoosha mikono yote miwili mbele, unganisha viganja ukiacha tundu dogo, tazama nguzo iliyo mbali kupitia tundu hilo ukiwa umefungua macho yote, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki likiiona nguzo ndani ya tundu ndilo linalotawala. Mtoto wa jicho akiwa mzito upande mmoja, kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo mpe daktari habari za zamani pia: jicho ulilokuwa ukilengea manati, au unalochungulia nalo kwenye tundu la mlango. Mpango huu hupunguza uwezo wa kukadiria umbali. Fundi wa paa na dereva wa usiku hauwafai.

Toriki

Hapa ndipo pesa ya ziada huleta faida iliyo dhahiri kuliko mahali pengine popote, nasi tungetaka wagonjwa wengi zaidi waijue.

Konea isiyo na astigmatizimu imejipinda sawasawa pande zote. Yenye astigmatizimu imejipinda kama ubavu wa yai, upande mmoja zaidi ya mwingine, na picha hutawanyika. Kutoa mtoto wa jicho hakuondoi tatizo hilo kwa sababu liko kwenye konea. Ukiwekewa lenzi ya kawaida utaona mwanga umerudi, lakini herufi zina vivuli, na hata mbali utahitaji miwani.

Karatasi ya vipimo hulionyesha jambo hili waziwazi. Tafuta mistari ya K1 na K2, mpindo wa konea kwa pande zake mbili. Ikisomeka K1 43.00 na K2 43.50, tofauti ni 0.50 tu. Toriki haina kazi hapo, usiinunue. Ikisomeka K1 42.50 na K2 44.75, tofauti ni dayopta 2.25, na mtu huyo akiwekewa lenzi ya kawaida ataujutia uamuzi huo kila siku. Mpaka wa kuanza kuifikiria ni kama dayopta 1. Kuanzia 1.5 kwenda juu, faida haina ubishi.

Toriki ina nguvu tofauti kwa pande mbili, kwa hiyo lazima ikae kwenye pembe yake kamili. Ikizunguka digrii 1, inapoteza takriban asilimia 3.3 ya kazi yake. Ikizunguka 10, thuluthi moja imekwenda. Ikifika 30, umelipia toriki na umepata lenzi ya kawaida, na ikipita hapo inaongeza tatizo. Makosa huanzia mapema. Mtu akilala chali jicho hujizungusha kidogo, ndiyo maana alama za wino huwekwa kwenye jicho ukiwa umeketi wima, kabla hujaingia thieta. Kama hospitali inatumia alama za mkono na hakuna aliyekuketisha kukuwekea, uliza kabla ya kulala mezani.

Lenzi huzunguka zaidi katika saa 24 za kwanza, na macho marefu ya wale wanaoona karibu tu huathirika kuliko mengine. Ikizunguka, hurudishwa thieta na kusogezwa, na kazi hiyo ni rahisi ndani ya wiki moja au mbili, kabla mfuko haujaikumbatia. Mgonjwa anayetoka Busia au Mfangano apange kulala karibu na hospitali usiku wa kwanza na awe na nauli ya kurudi juma la kwanza. Nauli hiyo ni sehemu ya gharama ya toriki.

Toriki hurekebisha astigmatizimu iliyo na mpangilio tu. Konea yenye kovu la kidonda cha zamani, au iliyochongoka kwa keratokonasi, haina pembe moja ya kuifuata.

Trifokali na ndugu zake

Lenzi za maltifokali zina miduara myembamba iliyochongwa usoni, inayougawa mwanga kwa umbali zaidi ya mmoja. Trifokali hugawa mara tatu: mbali, sentimita 60 hadi 80, na sentimita 40. Chukua PanOptix ya kampuni ya Alcon, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Mboni ikiwa na upana wa milimita 3, takriban asilimia 44 ya mwanga huenda mbali, 22 katikati, 22 karibu, na 12 hupotea. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza mazuri na mabaya yote ya lenzi hizi.

Mazuri ni makubwa. Mwalimu anayeangalia darasa, daftari na simu ndani ya dakika moja anaweza kuachana na miwani kwa sehemu kubwa ya siku. Wakala wa M-Pesa, karani, mwenye duka la vifaa anayesoma namba ndogo za skrubu, hawa wakiwa na macho yenye afya hufurahia. Matokeo huwa bora macho yote mawili yakiwekewa, na ubongo huchukua miezi 3 hadi 6 kuzoea.

Mabaya yako kwenye mwanga uliogawanywa. Usiku, taa ya gari inayokuja huzungukwa na miduara. Wengi huizoea, wachache hawaizoei kamwe. Kwa dereva wa lori anayeteremka Salgaa saa nane za usiku, taa zikimjia mfululizo na mvua kwenye kioo, miduara hiyo ni hatari na tungemshauri asiiguse trifokali hata akipewa bure. Mvuvi wa omena naye hufanya kazi gizani akitazama taa zilizo juu ya maji. Huyo apewe monofokali. Pili, picha hupungua ukali kwenye mwanga hafifu. Nyumba yenye balbu moja ya sola haimtoshi mwenye trifokali kusoma maandishi madogo, na mara nyingi atalaumu lenzi wakati kinachohitajika ni taa ya mezani.

Trifokali pia haisamehi makosa ya vipimo. Monofokali ikikosea dayopta 0.75, unavaa miwani na maisha yanaendelea. Trifokali ikikosea hivyo, umbali wa aina zote tatu unaharibika kwa pamoja, na aliyelipa pesa nyingi ili aepuke miwani anarudi kwenye miwani. Astigmatizimu iliyobaki ya dayopta 1 inatosha kuiharibu, ndiyo maana mwenye astigmatizimu huhitaji trifokali ya toriki, ambayo ni ghali zaidi.

Ukishawekewa na ukaona ukungu baada ya miezi au miaka, huenda ni utando uliojijenga nyuma ya lenzi. Huo hufunguliwa kwa leza ya YAG kwa dakika chache. Lakini kama hukuiridhia lenzi tangu wiki ya kwanza, usikubali YAG haraka. Mfuko ukishatobolewa nyuma, kubadilisha lenzi kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi. Kwanza ipatikane sababu: macho makavu, astigmatizimu iliyobaki, retina, au lenzi yenyewe.

EDOF na monofokali iliyoboreshwa

EDOF, kifupi cha Kiingereza cha lenzi yenye eneo la ukali lililorefushwa, huongeza eneo hilo kutoka mbali hadi kwenye dashibodi na kompyuta, bila kuufikia umbali wa kitabu vizuri. Kwa maandishi madogo utavaa miwani ya +1.00 hadi +1.50. Miduara ya usiku hupungua ikilinganishwa na trifokali, ingawa EDOF hazifanani: Symfony ina miduara iliyochongwa na baadhi ya watu huona michirizi kwenye taa, wakati Vivity haina michongo hiyo na taa zake huwa tulivu zaidi. Zote hupunguza kidogo ukali wa picha gizani.

Monofokali iliyoboreshwa, mfano wake Eyhance, ni monofokali yenye katikati iliyobadilishwa kidogo. Humsaidia mtu kuona spidomita na sahani iliyo mezani. Haisomi kitabu, na asikudanganye mtu kwamba inasoma. Kwa dereva wa matatu wa Nakuru–Kisumu tungeipa nafasi kabla ya EDOF, na EDOF kabla ya trifokali.

Ipo pia lenzi inayorekebishwa kwa mwanga wa UV baada ya upasuaji, ya kampuni ya RxSight, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Inadai mashine yake maalumu, ziara kadhaa za marekebisho, na kuvaa miwani ya kuzuia UV kila saa ya mchana hadi ifungwe. Kwa mtu wa mashambani anayeishi karibu na mstari wa ikweta, hilo ni sharti gumu.

| Lenzi | Mbali | Sm 60–80 | Sm 40 | Taa za usiku |
|---|---|---|---|---|
| Monofokali ya mbali | kali sana | miwani, kama +1.50 | miwani, kama +2.50 | tulivu |
| Monofokali ya karibu | miwani, kama −2.50 | hafifu | kali sana | tulivu ukivaa miwani |
| Monofokali iliyoboreshwa | kali | nafuu | miwani | tulivu |
| EDOF | kali | kali | miwani hafifu | miduara kiasi |
| Trifokali | nzuri | nzuri | nzuri mwanga ukitosha | miduara |

Toriki haikuwekewa mstari wake kwa sababu ni rekebisho linaloweza kuongezwa kwa takriban kila moja ya hizi.

Macho ambayo trifokali hayaifai

Lenzi inayogawa mwanga inahitaji retina na konea zenye afya kamili. Ikataliwe kwa mwenye retina iliyoharibiwa na kisukari, mwenye presha ya macho iliyoshakula sehemu ya uwezo wa kuona, mwenye kitovu cha retina kilichochakaa kwa uzee, mwenye kovu la konea, na mwenye jicho ambalo halikuwahi kuona vizuri tangu utotoni. EDOF nazo zifikiriwe kwa tahadhari hiyo hiyo. Mtoto wa jicho akiwa mzito, retina haionekani kwa kuchungulia tu, kwa hiyo jicho lipimwe kwa mawimbi ya sauti, na mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba uamuzi wa mwisho wa lenzi unaweza kungoja.

Mwenye nyama iliyotambaa juu ya konea, tatizo la wengi wanaoshinda juani na upepeni ziwani au shambani, atolewe nyama hiyo kwanza na kungojea miezi kadhaa konea itulie. Nyama huivuta konea, na vipimo vilivyochukuliwa ikiwepo vitakuwa vya uongo ikishaondoka.

Macho makavu hudharauliwa mno. Konea kavu hutoa K tofauti kila ikipimwa. Yatibiwe kwa matone wiki chache, kisha vipimo virudiwe.

Vipimo: mahali lenzi ghali huharibikia

Nguvu ya lenzi huhesabiwa kwa urefu wa jicho na mpindo wa konea. Chukua jicho la milimita 23.45 lenye wastani wa K 43.25. Kwa lenzi nyingi za kawaida hesabu huangukia karibu na +21. Kila kosa la milimita 0.1 kwenye urefu huleta takriban robo dayopta ya kosa machoni, kwa hiyo kosa la milimita 0.4 ni kama dayopta nzima. Kosa hilo hutokeaje? Mashine ya zamani ya mawimbi ya sauti hugusa konea kwa kalamu yake. Mpimaji akiibonyeza kidogo tu, jicho husomeka fupi, lenzi inayochaguliwa inakuwa na nguvu kupita kiasi, na mgonjwa anabaki akiona karibu tu.

Mashine ya mwanga haigusi jicho na ni sahihi zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haipenyi mtoto wa jicho mzito. Hapo hurudiwa mawimbi ya sauti, na mpimaji bora hutumia kikombe cha maji kati ya kalamu na konea ili asibonyeze. Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliyesubiri hadi jicho likawa jeupe huwa amejipunguzia nafasi ya kufaidi lenzi ya trifokali.

Macho yote mawili yapimwe hata kama linalofanyiwa upasuaji ni moja. Yakitofautiana zaidi ya milimita 0.3 kwa urefu, vipimo virudiwe, isipokuwa sababu inajulikana. Mwenye kuvaa lenzi za machoni azivue kwanza, angalau wiki moja kwa zile laini na wiki kadhaa kwa ngumu.

Kabla hujalipa

Uende Sabatia kule Vihiga, hospitali za rufaa za Kisumu, Nakuru au Eldoret, au kliniki ya binafsi mjini, maswali ni yale yale. Omba nakala ya vipimo. Omba jina la lenzi kwenye nukuu ya bei, kwa sababu neno "premium" peke yake halimaanishi chochote: kampuni, modeli, monofokali au trifokali, toriki au la. SHA, mamlaka ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo usitegemee alichokuambia jirani aliyefanyiwa miaka ya nyuma. Uliza kwa maandishi malipo yako yanagharamia lenzi gani, na ukichagua nyingine, tofauti ni kiasi gani na inalipwa na nani.

Uliza pia kitatokea nini mfuko wa lenzi ukipasuka wakati wa upasuaji. Hutokea hata kwa mpasuaji hodari. Mfuko ukipasuka, trifokali na toriki nyingi haziwezi kuwekwa, na lenzi ya akriliki ya kipande kimoja haifai kuwekwa mbele ya mfuko kwa sababu husugua irisi, sehemu yenye rangi ya jicho. Inayotakiwa hapo ni lenzi ya vipande vitatu, ambayo inapaswa kuwa tayari thieta kabla ya kuanza. Swali la pesa liulizwe bila aibu: ikiwekwa hiyo ya akiba, ile tofauti niliyolipia inarudishwa?

Na kama daktari amekuambia jicho lako halifai trifokali, usihamie hospitali nyingine kutafuta atakayekubali. Aliyekukatalia amekuacha na pesa mkononi, na monofokali iliyopimwa vizuri, pamoja na miwani ya kusomea ya bei ndogo, ni matokeo mazuri kabisa.

Siku ya upasuaji kila lenzi huja na stika yenye modeli, nguvu na namba yake. Ipige picha kwa simu. Jicho la kwanza likishatulia, wiki 4 hadi 6, pimwa miwani kabla ya kupanga la pili. Kama lililengwa sifuri likatua −0.75, daktari atarekebisha hesabu ya jicho la pili, kwa kawaida kwa nusu ya kosa hilo, na ili afanye hivyo anahitaji ile stika pamoja na kipimo kipya. Nenda navyo vyote viwili hata kama unarudi hospitali ile ile.